Maswali ya watumiaji yanavyogeuzwa kuwa hazina ya maarifa ya programu

HAZINA ya maarifa, katika taaluma ya tarakilishi, ni mkusanyiko wa maelezo mafupi yaliyopangwa kwa utaratibu, ambapo kila maelezo hutatua tatizo moja linalowakabili watumiaji wa programu fulani. Mtumiaji anapokwama huingia humo, akatafuta tatizo lake kwa maneno anayoyafahamu, kisha akafuata hatua anazoelekezwa bila ya kumsubiri fundi.

Hazina ya aina hii hutofautiana na mwongozo unaoandikwa na waundaji wa programu. Mwongozo hueleza jinsi programu inavyotarajiwa kufanya kazi, ilhali hazina hueleza la kufanya programu hiyo inapogoma. Kwa sababu hiyo, malighafi yake bora ni mazungumzo ya watumiaji wenyewe, yaani maswali wanayoulizana, majibu wanayopeana na masahihisho yanayofuata.

Kila programu yenye watumiaji wengi huzalisha mazungumzo hayo, iwe kwa barua pepe, kwa simu, au katika makundi ya WhatsApp. Swali lile lile huulizwa Januari, likaulizwa tena Machi, na mwishowe mjuzi aliyekuwa akilijibu huchoka au huhamia kazi nyingine. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa ya kutengeneza programu iliyoharibika ni mali ya aina hiyo hiyo.

Mazungumzo pekee hayatoshi

Wengi hudhani kwamba kuhifadhi mazungumzo yote ni sawa na kuwa na hazina ya maarifa. Dhana hiyo haina mashiko, kwa sababu tatu.

Kwanza, mazungumzo huchanganya jibu sahihi na majaribio yaliyofeli. Mtu mmoja hushauri tarakilishi izimwe na kuwashwa, wa pili hushauri programu iondolewe na kuwekwa upya, wa tatu ndiye hutoa suluhisho. Anayesoma miezi sita baadaye hawezi kujua ni ushauri upi uliofaa, hasa ikiwa muulizaji aliishia kuandika “asanteni, imekubali” bila ya kueleza alichokifanya.

Pili, jibu lililofaa kwa toleo moja la programu huenda likaleta madhara katika toleo jingine. Mazungumzo nadra hutaja toleo linalohusika, kwa kuwa waliokuwa wakizungumza walilijua.

Tatu, na pengine hili ndilo zito zaidi, muulizaji na mjibuji hawatumii msamiati mmoja. Muulizaji hutaja anachokiona kwenye skrini. Mjibuji hutaja chanzo kilichojificha ndani ya programu. Atakayepatwa na tatizo hilo kesho atatafuta kwa maneno ya muulizaji, na huenda asilione jibu lililoandikwa kwa maneno ya mjuzi.

Chimbuko la utaratibu huu

Juhudi za kuyageuza mazungumzo kuwa marejeleo si jambo geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eugene Miya, aliyekuwa mtaalamu katika kituo cha utafiti cha Ames cha shirika la NASA nchini Marekani, alikusanya maswali yaliyorudiwarudiwa na watu waliokuwa wakijadili masuala ya anga kwa barua pepe. Wageni walikuwa wakiuliza mambo yale yale kila mara, na kuyapekua mazungumzo ya zamani kulikuwa kazi ngumu. Orodha za maswali yanayoulizwa mara kwa mara zilienea kutokana na juhudi za aina hiyo, na baadaye Chuo cha MIT kikawa na tarakilishi iliyohifadhi orodha nyingi za namna hiyo kuhusu mada mbalimbali.

Kampuni za programu nazo zilifuata mkondo huo kwa njia yao. Microsoft, mathalani, ilichapisha kwa miaka mingi makala ya msaada ambayo kila moja ilikuwa na nambari yake na kutaja bidhaa na matoleo yanayohusika. Mambo hayo mawili, nambari isiyobadilika na kutajwa kwa toleo, yangali nguzo za hazina yoyote ya maarifa.

Mnamo 1992, muungano wa kampuni za huduma ambao leo unaitwa Consortium for Service Innovation ulianza kubuni utaratibu uitwao KCS. Msingi wake ni kwamba jibu liandikwe wakati tatizo lingali linatatuliwa, wala lisingoje siku ya mapumziko ambayo haifiki. Aidha, kila mara mtu anapolitumia jibu la zamani, anapaswa pia kulikagua na kulirekebisha ikiwa limepitwa na wakati.

Mwaka wa 1995, Ward Cunningham alianzisha wiki ya kwanza, aina ya kurasa ambazo msomaji yeyote aliweza kuzihariri. Kisha mwaka wa 2008, Jeff Atwood na Joel Spolsky walizindua Stack Overflow, ambako wasomaji huyapigia majibu kura na swali lililokwisha kuulizwa huelekezwa kwa lile la awali. Kwa hivyo, kazi ya kuchuja majibu iliwekwa mikononi mwa waulizaji na wajibuji wenyewe.

Kielelezo kutoka Bonde la Ufa

Umuhimu wa jambo hili hudhihirika zaidi panapohusika maisha ya watu. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS ni kielelezo kizuri, kwa kuwa mizizi yake imo nchini Kenya.

Mwaka wa 2001, Kituo cha Afya cha Mosoriot, katika eneo la Nandi, kilianza kutumia mfumo wa tarakilishi wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa. Ulikuwa umeundwa kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na uliendeshwa kwa programu ya kawaida ya ofisini, Microsoft Access. Idadi ya wagonjwa wa virusi vya Ukimwi waliohudumiwa chini ya ushirikiano huo ilipoongezeka, ilibainika kwamba mfumo huo usingeweza kuhimili mzigo.

Mnamo 2004, Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief, jimboni Indiana, walianza kuunda mfumo mpya, na wakaungana na shirika la Partners In Health lililokuwa na mahitaji yayo hayo. Mfumo huo ulianza kutumika Eldoret mnamo Februari 2006, na mwaka huo huo ukaanza kutumika nchini Rwanda. Baadaye, KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS kwa ajili ya Wizara ya Afya, uliwekwa katika zaidi ya vituo 300 kati ya mwaka wa 2012 na 2014.

OpenMRS ni programu huria. Yeyote anaweza kuichukua, kuitumia na kuibadilisha bila ya malipo. Hata hivyo, uhuru huo una gharama yake. Aliyeipata programu bila ya malipo hana muuzaji wa kumpigia simu inapoharibika, isipokuwa mwajiri wake amepanga msaada wa namna hiyo. Tegemeo lake kuu ni jamii ya watumiaji wenzake, ambao wametawanyika katika nchi nyingi na huandikiana zaidi kwa Kiingereza.

Tatizo moja, majina matatu

Chukua mfano wa tatizo linalojulikana vyema miongoni mwa wanaoendesha mfumo huo. Karani anaandika jina la mgonjwa aliyesajiliwa zamani, lakini jina halitokei. Karani mmoja ataripoti kwamba “faili imepotea.” Wa pili atasema “jina halitoki.” Wa tatu atasema “mgonjwa hayupo kwenye mfumo.” Fundi, kwa upande wake, atazungumzia faharasa ya utafutaji.

Wote wanne huenda wanazungumzia jambo moja. Matoleo ya miaka ya karibuni ya OpenMRS hutafuta majina kupitia faharasa, kama msomaji anavyoanzia kurasa za mwisho za kitabu badala ya kukisoma chote. Hifadhidata inaporejeshwa kutoka kwa nakala ya akiba, au data inapoingizwa moja kwa moja bila ya kupitia programu yenyewe, faharasa huenda ikabaki nyuma. Mgonjwa yumo, ila faharasa haimtambui. Msimamizi wa mfumo huijenga faharasa upya kupitia ukurasa wa usimamizi na majina yakaonekana tena.

Karani asipolijua hilo, huku foleni ikizidi kurefuka, atafanya jambo la busara machoni pake. Atamsajili mgonjwa upya. Kuanzia hapo mtu mmoja ana kumbukumbu mbili. Dawa alizopewa mwaka uliopita zimo katika moja, na vipimo vya leo vimo katika nyingine. Daktari anayefungua kumbukumbu mpya haoni kwamba mgonjwa aliwahi kudhuriwa na dawa fulani. Isitoshe, ripoti ya kituo huwahesabu wagonjwa wawili mahali palipo na mmoja.

Kosa la kwanza huzaa swali la pili, yaani jinsi ya kuunganisha kumbukumbu mbili za mtu mmoja. OpenMRS ina uwezo wa kufanya hivyo, na jibu la haraka katika mazungumzo huwa ni “ziunganishe tu.” Jibu hilo ni sahihi nusu. Katika eneo ambako majina hushabihiana, watu wawili tofauti wanaweza kuwa na jina moja na hata mwaka mmoja wa kuzaliwa. Kumbukumbu zao zikishaunganishwa, programu haina kitufe cha kuzitenganisha. Jibu linalofaa kuwekwa katika hazina ni lile linalotanguliza onyo na kueleza namna ya kuthibitisha kwamba mtu ni yule yule, kabla ya kutaja kitufe chochote.

Hatua za kujenga hazina

Wanaonuia kujenga hazina ya maarifa kutokana na mazungumzo ya watumiaji wanaweza kuigawa kazi hiyo katika hatua sita.

Ya kwanza ni kukusanya. Maswali ya kipindi mahususi, tuseme miezi mitatu, huwekwa mahali pamoja, yawe yalikuja kwa barua pepe, kwa simu au kwa ujumbe mfupi. Swali la simu lisiloandikwa halitahesabiwa, kwa hivyo anayepokea simu sharti awe na daftari.

Ya pili ni kuweka pamoja maswali pacha. Maswali yenye chanzo kimoja huwekwa fungu moja hata kama maneno yake yanatofautiana. Mafungu makubwa ndiyo hushughulikiwa kwanza, pamoja na yale madogo ambayo kosa lake laweza kumdhuru mtu. Jambo linaloulizwa mara moja kwa mwaka lakini linaloweza kufuta kumbukumbu za wagonjwa halipaswi kungoja zamu.

Ya tatu ni kuandika. Kila fungu hupata maelezo ya ukurasa mmoja. Kichwa huwa ni malalamiko ya mtumiaji kwa lugha yake, na majina mengine ya tatizo hilo huorodheshwa chini ili mtambo wa kutafuta uyapate. Kisha hufuata mazingira ambamo tatizo hutokea, hatua za kulitatua moja baada ya nyingine, na ishara ya kuonyesha kwamba limetatuka.

Ya nne ni kuhakiki. Mtu mwingine, asiyekuwa mwandishi, huzifuata hatua hizo kwenye tarakilishi ya majaribio, kamwe si kwenye mfumo wenye data halisi. Akikwama, kosa ni la maelezo. Toleo lililojaribiwa na tarehe ya jaribio huandikwa papo hapo.

Ya tano ni kutaja mwenye dhamana. Kila ukurasa huwa na mhusika anayetajwa kwa cheo chake, ili anapoondoka mrithi wake aurithi ukurasa huo pamoja na kiti.

Ya sita ni kupalilia. Hazina ni kama shamba. Isipopaliliwa, magugu huyafunika mazao. Toleo jipya la programu linapotoka, kurasa zote zinazohusika hupitiwa. Zilizopitwa na wakati huwekewa alama bayana badala ya kufutwa kimyakimya, kwa kuwa vituo vingine vingali vinatumia toleo la zamani.

Ukurasa uliokamilika ulivyo

Kwa kuzingatia mfano uliotolewa, ukurasa mmoja wa hazina unaweza kuwa hivi:

Tatizo: Mgonjwa aliyesajiliwa haonekani anapotafutwa.

Majina mengine: faili imepotea, jina halitoki, mgonjwa hayupo kwenye mfumo.

Onyo: Usimsajili upya. Andika huduma ya leo kwenye fomu ya karatasi hadi tatizo litatuliwe.

Hatua kwa karani: Kagua tahajia ya jina. Jaribu nambari ya mgonjwa. Watafute wagonjwa wengine wawili unaojua wamesajiliwa. Wakikosekana pia, mwarifu msimamizi wa mfumo.

Hatua kwa msimamizi: Uliza ikiwa hifadhidata ilirejeshwa kutoka kwa nakala ya akiba au ikiwa data iliingizwa moja kwa moja. Jenga upya faharasa ya utafutaji. Subiri kazi hiyo ikamilike kabla ya kujaribu tena.

Ishara ya kufaulu: Wagonjwa waliojaribiwa wanaonekana.

Chini ya maelezo hayo huwekwa toleo, tarehe ya kuhakikiwa na cheo cha mhusika. Ukurasa wenyewe hauzidi maneno 150, na karani anaweza kuusoma mgonjwa angali amesimama mbele yake.

Siri za watu zilindwe

Mazungumzo ya watumiaji yana hatari moja ambayo wajenzi wengi wa hazina huisahau. Anayeomba msaada kwa pupa hupiga picha ya skrini na kuituma kama ilivyo, ikiwa na jina la mgonjwa, nambari yake ya simu na maradhi anayougua. Wengine hutuma hata neno la siri la seva.

Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019, habari za afya ya mtu ni miongoni mwa data nyeti zinazohitaji ulinzi wa kiwango cha juu. Kwa hivyo mazungumzo hayafai kunakiliwa kwenye hazina yalivyo. Majina huondolewa, picha hupigwa upya kwa kutumia mgonjwa wa kubuni, na neno la siri lililofichuka hubadilishwa mara moja. Kulifuta kwenye mazungumzo hakutoshi, maana waliokwisha kuliona hawawezi kulisahau kwa amri.

Suala la lugha

Swali jingine ni lugha ya kuandikia. Vitufe vya programu nyingi vingali kwa Kiingereza, ilhali makarani huulizana kwa Kiswahili au kwa mchanganyiko wa lugha. Njia ya kati ni kuandika maelezo kwa Kiswahili na kuviacha vitufe vilivyotajwa jinsi vinavyoonekana kwenye skrini, ili msomaji asitafute neno lisilokuwepo.

Uandishi wa Kiswahili wa aina hii haukosi misingi. Mwaka wa 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nchini Tanzania ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, baada ya kuandaa istilahi za tarakilishi. Kazi kubwa iliyosalia ni uthabiti. Hazina ikiita kitu “faharasa” katika ukurasa mmoja, isikiite “kielezo” katika ukurasa mwingine. Orodha fupi ya istilahi zilizokubaliwa humwepusha msomaji na utata huo.

Mashine zinazojibu

Katika miaka ya hivi karibuni, programu za akili unde zimeanza kujibu maswali ya watumiaji, na baadhi ya watu wameuliza ikiwa hazina za maarifa zingali na kazi. Yaliyotokea Stack Overflow yanatoa funzo. Mnamo Desemba 2022, siku chache baada ya ChatGPT kutolewa kwa umma, mtandao huo ulipiga marufuku majibu yaliyotungwa na programu hiyo. Sababu ilikuwa kwamba mengi yalikuwa na makosa ingawa yalionekana kuwa sahihi.

Mashine inayojibu maswali ya kituo cha afya huhitaji kuelekezwa kwenye maandishi yaliyohakikiwa. Ikipewa ukurasa uliopitwa na wakati, italirudia kosa kwa lugha tamu na kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Kwa hali hiyo, tarehe ya kuhakikiwa na jina la toleo yamezidi kuwa na thamani.

Pa kuanzia

Kituo kidogo au shule yenye programu moja haihitaji mtambo wa gharama. Daftari la pamoja kwenye tarakilishi, lenye kurasa 10 zinazojibu maswali 10 yanayoulizwa zaidi, hutosha kuanzia. Kinachohitajika ni mtu aliyetengewa saa chache kila juma kwa kazi hiyo, na msimamizi anayeihesabu kuwa kazi. Pale ambapo uandishi huachiwa aliye na nafasi, hakuna anayepata nafasi.

Kipimo cha mafanikio nacho ni chepesi. Maswali yanayorudiwa yakipungua, na karani mpya akaweza kutatua tatizo siku ambayo fundi hayupo, hazina inafanya kazi. Wakiendelea kumpigia simu mtu yule yule, kurasa hazipatikani, hazieleweki au hazisemi kweli, na palilizi ianzie hapo.